Sentimita Kumi za Tepu Niliyoishona

Nesi wetu wa huduma ya kwanza, Nyambura, ndiye aliyenikaba koo. Siku niliyokabidhi funguo za stoo alinifuata mpaka getini. "Mzee Shabani, huwezi enda tu hivyo," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Nakuru. "Andika vitu umeona. Hawa wenye wameletwa juzi wanadhani kazi ya pit ni kushika reki na kungoja lunch." Basi nimetii. Naandika haya chumbani kwangu Muaither, hapa Doha, begi limeshafungwa, tiketi ya kurudi Tanga iko kwenye shati, na ninawaandikia nyinyi mnaobaki kulitunza shimo la mchanga la kurukia. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini, kwa sababu sikupandishwa. Nitawaeleza niliyoyaona, na mengi niliyaona mdomo wazi. Mimi ni mtu wa kushtuka. Mke wangu husema hata sufuria ikianguka kwa jirani nauliza nani amekufa.

Kabla ya riadha nilikuwa Lusail, mji ukiwa bado vyuma na vumbi, nikibeba mabomba. Siku moja mudiri, meneja wetu, akatangaza kwamba kituo cha riadha kinataka mtu anayejua mchanga. Nikanyoosha mkono haraka. Nani Doha asiyejua mchanga? Nilipofika nikakabidhiwa kwa Mzee Seif, Mpemba aliyekuwa ameishi Qatar tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Alinipeleka kwenye shimo, akachota mchanga, akanijaza kiganjani.

"Huu umekuja kwa gari, Shabani," akasema. "Umeoshwa, umechekechwa, na umenunuliwa."

Nilidhani ananipima akili. Nchi nzima ni mchanga, halafu mchanga unanunuliwa? Nilicheka peke yangu, maana Seif hakucheka. Alinieleza kwamba mchanga wa jangwani ni vumbi tupu, ukilowa unashikana kama ugali uliolala, na mtu akiuangukia kwa kasi anaumia. Wa shimoni unatakiwa uwe na chembe za mviringo zinazotelezeana. Nilirudi Muaither jioni ile nikamsimulia kila mtu kwenye basi, na hakuna aliyeniamini.

Seif alinifunza kazi yote kwa siku nne. Alfajiri unafunua turubai, na jambo la kwanza unatafuta haja za paka, kwa sababu paka wa Doha wanaamini serikali iliwajengea choo. Unachimbua mpaka chini, unamwagia maji, unausawazisha mchanga uwe sawa na ubao wa kurukia, usizidi wala usipungue. Unafagia njia ya kukimbilia. Unakagua ule udongo laini wa rangi unaopangwa mbele ya ubao ili kiatu kikizidi mstari uonyeshe alama. Mwisho unakagua tepu ya kupimia. "Reki ni mikono yako, tepu ni ulimi wako," alinambia Seif. Nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Mwaka wangu wa pili pale, mwezi wa Desemba, akaja Aino. Alikuwa msichana wa Kifini wa miaka ishirini na miwili, mrefu, mweupe kiasi kwamba nilimwonea huruma na jua. Kwao wakati huo ni theluji, uwanja umefunikwa, kwa hiyo kocha wake humleta kwenye joto miezi mitatu. Mimi nilikuwa nimevaa koti na kofia ya sufu kwa baridi ya asubuhi. Yeye alikuwa na kaptula.

Mchezo wake ni miruko mitatu. Nilikuwa nimeusikia, sikuwa nimeuona kwa karibu. Mtu anakuja mbio za kukimbiza mwizi, anakanyaga ubao, anaruka na kutua kwa mguu uleule, anaruka tena na kutua kwa mguu wa pili, ndipo anaruka mara ya tatu kuingia mchangani. Anapotua ule mruko wa kwanza unasikia ardhi. Naapa, mara ya kwanza nilitupa reki chini. Nilidhani mguu umekatika. Aino akainuka mchangani, akajipangusa, akarudi mwanzo wa njia kama mtu aliyesahau kitu dukani.

"Wanalipwa kwa hili?" nilimuuliza Seif.

"Wengine," akajibu.

Majira ya baridi kumi na moja alikuja. Hakuwa mtu wa maneno. Alikaa kwenye benchi na chupa yake ya kahawa, akitazama mbele, na mwaka wa kwanza wote nilidhani nimemkosea. Mwaka wa pili nikajua kwamba kwao kukaa kimya na mtu ni kumheshimu. Tulizungumza Kiingereza cha vipande, changu vipande vidogo zaidi. Siku moja aliniambia kwamba kaskazini ya nchi yao, Desemba, jua halichomozi kabisa. Nilishtuka kweli. Nikamuuliza, sasa Adhuhuri mnaijuaje? Alifikiri muda mrefu, akanijibu kwa makini, "Tunatazama saa."

Msimfikirie kwamba alikuwa bingwa wa dunia. Alikuwa bora kwao mara kadhaa, na alikuwa na shauku moja tu, kufika kwenye mashindano makubwa ya kiangazi akivaa fulana ya nchi yake. Kila mwaka walitaka urefu fulani, na kila mwaka alikosa kwa upana wa kiganja. Wala si kutia chumvi. Niliona majedwali. Mwaka mmoja kiganja, mwaka wa pili vidole vitatu, mwaka wa tatu kiganja tena. Mimi nikikosa basi kwa dakika mbili natukana kutwa. Yeye alikuwa anakunja midomo na kurudi Desemba inayofuata.

Majira ya sita goti lake la kushoto lilikwenda. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Alitua mruko wa pili, goti likakunjika upande usiokunjika, akaanguka ukingoni mwa shimo nusu ndani nusu nje. Hakupiga kelele, na ndilo lililonitisha zaidi. Nyambura alikuja mbio na sanduku lake akanikuta nimeganda. "Mzee, shika kichwa! Shika kichwa, wacha kuangalia goti!" Nikashika kichwa. Aino alinitazama akauliza kama alivuka mstari wa ubao. Goti liko vile, na yeye anauliza habari ya mstari! Nikamwambia hapana, hukuvuka. Akafumba macho. Mwaka uliofuata hakuja, nikajua khalas, tumemaliza. Mwaka wa baada yake akaja na kovu la urefu wa penseli.

Seif alistaafu akarudi Pemba, nikabaki mkuu wa shimo, cheo nilichojipa mwenyewe. Na hapa ndipo habari ya tepu inapoanza, kwa hiyo nisomeni polepole.

Tepu yetu ilikuwa ya nailoni, ya njano. Mwanzoni mwake ina kipete cha chuma. Kipete kinashikwa kwenye alama ya mchangani, tepu inavutwa mpaka ubaoni, na urefu unasomwa pale ubaoni. Jua la Doha linakula nailoni. Asubuhi moja ikakatika, sentimita kumi za mwanzo zikabaki mkononi mwangu na kipete. Nilijaza fomu ya kuomba mpya. Fomu ile nadhani bado inatembea ofisini.

Sasa, mimi baba yangu alikuwa fundi viatu. Kwetu kitu kinachoshoneka hakitupwi, na anayekitupa anasemwa. Nilikwenda sokoni Abu Hamour nikanunua uzi mnene, nikakishona kipete kwenye alama ya kumi, nikazungushia utepe mweusi wa umeme. Ilipendeza, nilijisifu mwenyewe. Bila shaka tepu sasa ilisema uongo wa sentimita kumi: mtu akiruka kumi na tatu na tisini, inasomeka kumi na nne kamili. Lakini nilikuwa naipunguza kichwani kabla ya kutaja. Nilisoma, nikatoa kumi, nikatamka. Miezi minane, kila siku, mpaka sikujua tena kwamba natoa. Sikumwambia mtu. Kwa nini nimwambie? Tepu ilikuwa mikononi mwangu.

Aino alikuja kwa majira yale ya kumi na moja akiwa na miaka thelathini na mitatu, akichechemea asubuhi kabla goti halijapata moto. Wiki ya kwanza tu, akiwa kwenye benchi, alinieleza jambo lake lote, yeye ambaye neno lake ni la kungoja. Shule ya mji wao, mji alikozaliwa na anakoishi mama yake mgonjwa, ilikuwa inamtaka awe mwalimu wa michezo. Mwalimu mkuu alikuwa amemwekea nafasi hadi mwisho wa Januari. Daktari naye alikuwa amesema goti lifanyiwe upasuaji na miruko iishe.

"Nimejiamulia hivi," alisema. "Nikivuka mita kumi na nne hapa majira haya, najaribu kiangazi kimoja cha mwisho. Nisipovuka, nakwenda kufundisha." Akaigusa tepu iliyokuwa mapajani mwangu. "Hii ndiyo itakayoamua."

Nikatikisa kichwa kukubali. Wala halikunijia wazo lolote.

Wiki mbili baadaye nikaenda likizo Tanga, kumuoza binti yangu. Nilimkabidhi shimo Mganda mmoja mtu mzima wa upande wa uwanja wa mpira. Nilimwonyesha funguo, turubai, mpira wa maji, nikamwonya habari za paka. Tepu nilimpa mkononi nikamwambia, "Na hii ndiyo tepu." Basi.

Niliporudi ilikuwa Jumapili, wiki ya mwisho ya Januari. Niliingia stoo, nikaweka mkoba, nikatazama ule ubao mweupe ambao kocha huandikia miruko ya Aino. Kumi na nne na sentimita mbili. Kumi na nne na sita. Kumi na nne na tano. Mwanzoni nilifurahi, nikasema Alhamdulillahi, mtoto wa watu amepata. Nikaipachika tepu msumarini pake, kidole kikagusa uzi.

Nilikaa chini. Nilitoa kumi kwenye kila namba pale ubaoni, moja moja, na hakuna hata moja iliyobaki kumi na nne. Nyambura alipita mlangoni akasimama. "Mzee, uko sawa? Unakaa ni kama umeona jini." Nikamwambia ni uchovu wa ndege.

Jioni nilimpigia Seif Pemba. Nilimweleza yote. Niliomba mtu wa kunikaripia, na badala yake mwalimu wangu akanishtusha kuliko tepu yenyewe.

"Nyamaa, Shabani," akasema. "Hebu nyamaa kimya. Umebakisha mwaka ustaafu. Kiangazi kikifika miguu yake itamwambia yenyewe."

"Na shule, Mzee?"

"Shule hazeshi, zipo nyingine tele. Wewe lala."

Huyo ndiye aliyenifundisha kwamba tepu ni ulimi. Nilikuwa na hasira naye, lakini niwe mkweli, nilikuwa na nafuu pia. Nikajiambia kawia ufike. Methali zetu nyingine zipo kwa ajili ya kumpa mpumbavu mahali pa kukaa.

Jumatatu asubuhi Aino aliniona akatabasamu, jambo la nadra. Nilisawazisha mchanga. Akakimbia, akaruka mruko wa kwanza, wa pili, wa tatu, akatua mbali. Mganda akashika kipete mchangani, mimi nikavuta tepu mpaka ubaoni nikasoma. Kumi na nne na nne. Nilitakiwa kutoa kumi. Miezi minane nilikuwa nimetoa kumi bila kujua, na asubuhi ile, nikiwa najua kuliko siku zote, nilifungua mdomo nikasema, "Kumi na nne na nne." Nikaongeza, "Umeruka vizuri."

Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka lile tabasamu libaki siku moja zaidi, na nilitaka kazi yangu. Kocha akapiga makofi. Mimi nikachukua reki nikafuta alama haraka.

Jumanne saa nne nilimweleza Nyambura, nyuma ya stoo. Nilimweleza habari ya uzi na likizo. Hakunipigia kelele. Alinitazama tu kama anavyotazama kidonda kilichofichwa mpaka kikaoza.

"Na bado umesimama hapa unaniambia mimi?" akasema. "Mzee, si mimi ndio naruka. Enda umwambie saa hii."

Nilikwenda. Aino alikuwa anafunga viatu. Nilimwekea tepu mapajani, nikabandua utepe mweusi mbele yake, nikamwonyesha uzi, na namba ya kumi ikichungulia chini ya kipete. Nilimwambia ilikatika, nikashona, nikawa natoa kumi, nikaenda likizo, sikumwambia mwenzangu. Kiingereza changu hakikuwahi kuwa chepesi vile. Sikumwambia habari ya Jumatatu.

Kwanza hakuelewa. Halafu akaelewa, na uso wake ukabaki kama ulivyo, ila rangi yote iliondoka. Akasema namba kimyakimya kwa lugha yao, nadhani alikuwa anatoa. Kisha akasimama akapiga kelele. Miaka kumi na moja sikuwa nimeisikia sauti ile. Goti lilipokwenda hakupiga kelele, siku hiyo alipiga, na watu wa upande wa kurusha mkuki waligeuka.

"Nimempigia simu jana!" alisema. "Jana mchana! Nimemwambia asiningoje!"

Alitoa simu, akampigia mwalimu mkuu palepale. Alizungumza akitembea kwenye njia ya kukimbilia, mbele na nyuma. Sikuelewa neno, lakini niliuelewa mgongo wake. Aliposimama ghafla nikajua. Asubuhi ileile mwalimu mkuu alikuwa amempa nafasi mama mwingine.

Tepu ya chuma ililetwa siku ya tatu. Kumbe ilikuwepo bohari muda wote, hakuna aliyekuwa ameiomba kwa sauti. Mudiri alinipa barua ya onyo, nikaitia sahihi, nikashangaa ilivyokuwa fupi. Aino, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, alikwenda kujaribu kiangazi chake cha mwisho. Alikosa. Si kwa kiganja safari hii, kwa zaidi ya kiganja, na goti likamalizikia hukohuko.

Mnaobaki, kama kuna kitu kwenye kazi yenu ambacho ni nyinyi tu mnakijua, kiandikeni ukutani leo kabla ya chakula cha mchana. Kitu kilichoshonwa kiandikwe kwamba kimeshonwa. Mficha uchi hazai, walisema, na mimi niliusikia msemo huo tangu mtoto na sikuwahi kudhani unahusu tepu.

Msimu uliopita, miezi michache kabla sijastaafu, Aino alikuja kuchukua sanduku lake la vifaa lililobaki stoo. Alikuwa na fimbo. Aliniambia anafundisha kwa muda, anajazia walimu waliougua, mji mwingine, saa nne kwa treni kutoka kwa mama yake. Tulikaa benchini na kahawa yake. Nilimwomba msamaha tena, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga kwa wiki nzima.

"Tepu hukatika," alisema. "Na mtu husahau. Hilo nimekusamehe zamani." Akanywa kahawa. Alikaa kimya kwa muda, na mimi nikajua kile si kimya cha heshima.

"Ile Jumatatu," akasema, "kabla sijapiga simu. Nilisubiri nipimwe mara moja zaidi, kwa sababu ulikuwa umerudi. Nani alisoma?"

Nilishindwa hata kumtazama. "Mimi," nikasema.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akafunga chupa ya kahawa, akachukua fimbo yake. "Najua kwamba ulijua," alisema. "Nimekuja mpaka hapa nikusikie ukisema."